Kipira

Kipini kilikataa kutoka.
Miaka thelathini na mbili puani, tangu nichezwe unyago,
kilikwishaota mizizi.
Likapa, mtaalamu, kijana wa juzi tu,
miwani yake imeungwa kwa plasta,
akaleta sabuni, akageukia ukutani.
Nikajing'oa mwenyewe. Chozi likatoka
kabla sijaanza kuogopa.

"Mama Siwema, kuna chuma kingine?"
Pini za ushungi zimo kwenye bahasha.
Pete ameishika mdogo wangu huko kwenye benchi.
Sikumtajia kigoda cha kubangulia korosho,
miaka kumi na tisa,
kilichoukunja mgongo huu kama herufi nisiyoijua.

Akanilaza. Akanitia mkononi kipira
laini kama bibo lililoiva kupita kiasi.
"Ukizidiwa, minya."
Kitanda kikaanza kuniingiza, kichwa kwanza,
polepole, kwa adabu,
nikapatambua mahali.

Mwanandani.

Wanawake kwetu hatufiki kaburini.
Lakini kaka alinisimulia wa mama, kule Mahuta:
upana wa bega,
udongo unaoikaribia pua.
Niliyoyasikia kwa masikio
sasa nayatazama kwa macho.

Ngo. Ngo. Ngo. Ngo.
Kisha mngurumo, kama bomba la salfa mwezi wa sita
mikorosho ikipulizwa.
Kisha kishindo cha mtu anayegonga mlango
kudai rejesho la kikundi.
Nikajibu moyoni: hayupo, amekwenda Newala.
Akaendelea kugonga.

Pumzi yangu ikanirudia usoni, ya moto.
Miguu ikataka kukimbia, hata bila mimi.
Nikaminya.

Mwanga. Likapa hakununa.
"Dakika kumi na moja. Si haba.
Kuna baunsa hapa aliminya ya tatu."
Sijui kama ni kweli. Nilimshukuru hivyo hivyo.
"Picha zimetikisika, mama. Tunaanza upya."

Nikaomba kanga yangu, iletwe.
Akaipapasa pindo kwa pindo, asije akakuta pini,
akaikunja, akanifunika macho.
Maandishi yakalala juu ya kope:
MLIDHANI SIFIKI.

Safari hii niliingia nikiwa nimekwishafumba.
Nikaketi kwenye kigoda. Nikafungua gunia.
Korosho ya kwanza: nzima, nyeupe, sinia la kulia.
Vuta.
Ya pili imepasuka: kushoto.
Shusha.
Ya tatu ina doa. Ya nne nzima.
Mashine ikipiga ngo, nami nabangua.

Nilipofika mia na themanini na kitu
tundu la kipini likaanza kuwasha,
tupu, dogo, jeuri.
Mkono umekatazwa. Hesabu ikamwagika yote.
Nikajidanganya: ilikuwa mia mbili. Nikaendelea.

Hofu haikutoka, nisiseme uongo.
Ilisimama pale mlangoni kama kibarua mgeni
asiyejua aweke wapi mikono.
Nikaipa kigoda cha pili, nikaipa na kisu.
Ikabangua karibu yangu,
vibaya,
ikivunja nyingi, ikiungua vidole kwa mafuta ya ganda.
Lakini ikabangua.

Sauti masikioni: "Imebaki moja, ndefu. Dakika sita.
Usimeze mate."
Papo hapo kinywa kikajaa
kama kisima cha masika.
Ewe Mola, mate yote haya yalikuwa wapi?
Korosho. Korosho. Nusu. Nzima. Korosho.

Kisha ukimya, mpana,
nikaufuata nje kwa miguu kwanza.

"Ulilala?"
"Nilikuwa kazini."

Majibu Alhamisi.
Kipini kimekataa kurudi, nimekifunga kwenye pindo la kanga,
nitabembelezana nacho nyumbani.
Nimekwishavaa kiatu kimoja
ndipo Likapa akaniita, akicheka kwa aibu:
"Mama, kipira chetu."
Nikatazama ngumi yangu.
Ilichukua muda kuifungua.